Masalia ya Baruti katika Rivolva

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa ya miti na salfa. Vitabu vingi vya shule hueleza kuungua kwake kwa mlinganyo huu:

2KNO3 + S + 3C → K2S + N2 + 3CO2

Mwanafunzi akikokotoa ataona kuwa gramu 270 za baruti hutoa gramu 160 za gesi na gramu 110 za yabisi, yaani yabisi ni kama asilimia 41 tu. Hesabu ni sahihi, ila baruti yenyewe haiifuati. Mwaka 1875 Waingereza Andrew Noble na Frederick Abel walichapisha matokeo ya kuunguza baruti ndani ya vyombo vya chuma vilivyozibwa kabisa. Walikuta yabisi imezidi nusu, ikakaribia asilimia 57. Sababu ni kwamba sehemu ya kaboni dioksaidi hunaswa katika potasiamu kaboneti, na sehemu ya salfa hugeuka kuwa potasiamu salfeti. Mlinganyo wa kitabuni basi ni muhtasari, na yafaa mwalimu auseme hivyo waziwazi.

Sehemu ya yabisi hiyo hutoka nje ikiwa moshi mzito mweupe. Katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, askari wengi wa upande wa Wajerumani walibeba bunduki za mtindo wa 1871, na moshi wa baruti yake ulimwonyesha adui mahali mpigaji alipojificha. Sehemu iliyobaki huganda ndani ya silaha.

Rivolva huathirika kuliko bunduki ya kawaida. Kati ya silinda na kasiba pana mwanya mwembamba sana, nao lazima uwepo ili silinda izunguke. Kila risasi inapolipuka, gesi yenye masalia huvuja hapo na kutanda usoni mwa silinda na kwenye mhimili wake, hata silinda ikawa nzito kuzungusha. Ndiyo maana watumiaji wa zamani walipaka shahamu au nta: masalia yaliyochanganyika na mafuta hubaki laini.

Potasiamu kaboneti, zaidi ya hayo, hufyonza unyevu wa hewa, na chuma kilicho chini yake hushika kutu. Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani bila baruti yoyote. Majivu ya maganda ya ndizi yalowekwe, maji yachujwe na kuchemshwa mpaka yakauke, kisha chumvi inayobaki iachwe wazi usiku mmoja wa masika. Asubuhi itakuwa imelowa.

Fataki za zamani zilizokuwa na potasiamu kloreti ziliacha potasiamu kloridi, chumvi iliyo jamaa ya chumvi ya mezani. Kuifuta kwa mafuta hakukusaidia, kwa kuwa chumvi haiyeyuki katika mafuta. Dawa yake ilikuwa maji ya moto, kisha kukausha, ndipo mafuta yapakwe.

Mwaka 1884 Paul Vieille wa Ufaransa alitengeneza baruti isiyo na moshi kutokana na selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki. Hiyo hugeuka karibu yote kuwa gesi. Hata hivyo watu wanaojijazia risasi wenyewe, uraia ambao umeenea sana Marekani, bado hulalamikia masizi na punje ambazo hazikuungua. Kasoro mara nyingi ni kanieneo. Baruti hii huungua upesi kadiri kanieneo inavyopanda. Maganda makubwa kama yale ya Colt ya mwaka 1873 yalikusudiwa baruti nyeusi iliyoyajaza. Kipimo kidogo cha baruti mpya huacha nafasi tupu, kanieneo huwa hafifu, na risasi hutoka kasibani kabla punje hazijaisha kuungua. Ganda nalo halitanuki vya kutosha kuziba chumba chake, hivyo masizi hupenya na kulipaka nje. Punje moja ikinasa chini ya kitoa maganda, silinda yaweza kukwama.

Hapo ndipo kishawishi cha kuongeza baruti ili iungue vizuri huingia. Kwa kuwa kanieneo huharakisha kuungua, na kuungua huzidisha kanieneo, nyongeza ndogo yaweza kuipandisha kupita kiasi. Na ukuta wa silinda, hasa wa rivolva kuukuu, hupasuka kiganjani mwa mtu.