Kabla Hujanunua Begi la Kamera

Mabegi mengi ya kamera yameshonwa kwa ajili ya mtu anayeshuka garini, anatembea hatua chache, anapiga picha na kurudi garini. Mpiga picha wa Manyamanyama, Bunda, siye huyo. Asubuhi yuko kwenye mahafali Bunda mjini, mchana kapakiwa kwenye bodaboda kuwahi sendofu kijijini, Jumamosi ana harusi Musoma. Akibahatika, mgeni atamtaka aongozane naye hadi lango la Ndabaka, pale kando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma ambako watu huingilia Serengeti kwa upande wa magharibi. Siku nzima begi lake linalazwa kwenye nyasi, linakaliwa na watoto wa shughuli, linakula vumbi.

Kwa hiyo usiende dukani mikono mitupu. Beba vifaa vyako vyote, vipakie mle ndani, livae begi, inama, chuchumaa, panda pikipiki iliyo karibu. Uzito peke yake utakuambia mengi. Kamera ya Canon 5D Mark IV ikiwa na betri ni gramu 890 hivi, lenzi ya 24–70 yenye f/2.8 ni gramu 805, na ile ndefu ya 70–200 ni takribani kilo moja na nusu. Hapo umeshapita kilo 3, hujaweka flashi wala chaja. Ukinunua begi ambalo likiwa tupu lina kilo 2, mgongo wako unalipia sponji. Na sponji nene si ulinzi zaidi kila mara. Mara nyingi inakula nafasi tu, lenzi ya pili ikakosa pa kulala.

Kisha angalia begi linafungukia wapi. Lile linalofunguka kwa mbele linakulazimisha ulilaze chali, yaani upande wa mgongo wako ndio unaogusa matope, na ukilivaa tena matope yanahamia kwenye shati la harusini. Bora linalofunguka upande wa mgongoni. Unalilaza kifudifudi, mikanda inabaki safi, na kwenye msongamano wa stendi hakuna atakayefungua zipu nyuma yako bila wewe kuhisi. Jaribu pia kulifungua kwa mkono mmoja. Mpiga picha Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa Addis Ababa mwaka 1991, akarudi kazini na mkono wa bandia. Wewe unayo yote miwili, lakini mmoja siku zote umeshika kamera.

Zipu ndiyo inayoua mabegi mengi ukanda huu. Mchanga laini wa barabara za vumbi unaingia kwenye meno, kichwa cha zipu kinalika, na siku moja zipu inafungwa huku nyuma inaachia. Isugue kwa mswaki mkavu kila baada ya safari ya vumbi, kisha pitisha kipande cha mshumaa juu ya meno yake. Usipake mafuta ya kupikia wala grisi, maana vinakamata mchanga. Ikianza kuachia, mara nyingi tatizo ni kichwa tu, na fundi viatu anakibadilisha ukiwa umekaa kwenye benchi lake. Akiwa na begi mkononi mwombe aangalie pale mikanda inapoungana nalo. Mshono mmoja ulionyooka hautoshi. Unataka mshono wa mraba wenye alama ya X katikati, uzi mnene.

Kuna kero ambayo hutaisikia dukani kwa sababu duka lina muziki. Vigawanyo vya ndani na mfuniko wa mabegi mengi hushikwa kwa velkro. Sasa mchungaji anaomba mbele ya jeneza, watu wameinamisha vichwa, na wewe unahitaji lenzi nyingine. Ule mlio wa kuchanika unasikika hadi kwa waliosimama nje ya turubai, na wazee wote wanageuka kukutazama. Dawa yake ni ndogo: kata kipande cha upande laini wa velkro, kibandike juu ya sehemu yenye vijino vya kunasa, mfuniko ubaki ukishikwa na bizimu peke yake.

Mvua nayo ina ujanja wake. Mabegi mengi huja na kifuniko cha mvua kilichokunjwa chini kabisa. Kinafunika mbele na pembeni, lakini maji yanayotiririka mgongoni mwako juu ya pikipiki yanaingia kwa nyuma. Zamani tulikuwa tunatia kamera kwenye rambo na kuendelea na safari. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania, kwa hiyo tafuta njia nyingine: kitambaa cha mwavuli uliovunjika. Ni chepesi na kinastahimili maji vizuri. Mpe fundi cherehani akishone kama mfuko wenye kamba ya kukaza mdomo, uivishe kamera kwa ndani ya begi. Utaushukuru pia siku ya kuvuka kwa kivuko kutoka Kisorya kwenda Ukerewe, ziwa likiwa na mawimbi.

Rangi watu huichukulia kama suala la urembo. Kwa anayeingia Serengeti upande huu wa magharibi, si urembo. Mbung'o wanavutwa na bluu iliyokoza na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Karibu mabegi yote ya kamera ni meusi! Kaki au kijivu itakusaidia, tena haipati joto sana juani. Nembo kubwa ya kampuni ya kamera ifunike kwa kiraka, kwa sababu inamwambia kibaka kilichomo.

Mimi, nikiulizwa, nasema chukua begi zuri la mtumba, la shule au la kompyuta, halafu fundi akushonee kisanduku cha ndani kwa sponji ya godoro ngumu na kitambaa laini. Hilo si jambo la kimaskini. Begi la Domke, lililopendwa na waandishi wa habari dunia nzima, lilibuniwa katikati ya miaka ya 1970 na Jim Domke, mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer, kwa sababu yaliyokuwepo yalimzuia kufanya kazi.

Ukifika nyumbani, toa vifaa. Begi ni la kubebea. Sponji iliyolowa inakaa na unyevu kwa siku kadhaa, na hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 60 ndiyo inayopendwa na kuvu wanaotambaa ndani ya lenzi kama utando. Weka kamera kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na silika ya kunyonya unyevu na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Vile vijifuko vya silika vya kwenye maboksi ya viatu mara nyingi vimeshashiba maji. Nunua silika inayobadilika rangi, na ikibadilika ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 hivi, kwenye chombo kisichotumika kwa chakula.

Mwenye kusafiri kwa ndege kutoka Mwanza aache mfuko mmoja wa nje kwa ajili ya betri za akiba na pawabenki. Hivyo vinapanda na wewe kabini, haviingii kwenye mzigo wa chini, na kikomo cha kawaida ni Wh 100 (wati-saa) kwa kila kimoja. Betri ya LP-E6N ya Canon ile ina Wh 14 tu. Pawabenki ya mAh 20,000 inafika Wh 74. Ukiendelea na ndege ndogo za mbugani, mzigo wako wote kwa kawaida ni kilo 15 na begi liwe laini, linalosukumika kwenye tumbo la ndege. Sanduku gumu lenye magurudumu, hata kama lilikugharimu mshahara wa miezi, linaweza kukataliwa pale pale kaunta.