Kikao Hakikuumba Maji

Chekereni, chini ya Moshi, jioni. Zamu ya maji iko kwa jirani. Ya mzee inaanza saa kumi na mbili. Mzee huyu, mwinjilisti mstaafu wa Kilutheri, amekaa kando ya jaruba na jembe lake. Mjukuu wake, dereva wa bodaboda, anaegesha pikipiki barabarani na kushuka kwa miguu.

MJUKUU: Shikamoo, babu.

BABU: Marahaba. Mbona uso umekukunjamana hivyo?

MJUKUU: Leo nimeaibika kijiweni. Abiria mmoja, mtu msomi, alisema Wakristo wa mwanzo walimjua Yesu kama mwalimu tu. Kisha mwaka 325 mfalme Konstantino akawakusanya maaskofu huko Nikea, wakapiga kura, Yesu akapita kwa kura chache akawa Mungu. Nikakosa la kujibu.

BABU: Hiyo tena! Nimeisikia kwenye mihadhara ya viwanjani, nimeisikia ndani ya basi la Same, sasa mnaletewa kwenye simu na mnaisambaza kabla hamjaisoma mpaka mwisho. Keti. Siyo hapo, hilo tuta nimelitengeneza asubuhi, utalibomoa. Kaa huku. Habari za Betlehemu, msalaba na kaburi tupu ulizisoma ulipokuwa kipaimara, sizirudii. Niambie, maji haya yanatoka wapi?

MJUKUU: Mto Rau.

BABU: Na kamati ya maji hukutana kwa nini?

MJUKUU: Kwa sababu watu hugombana. Wa juu akifunga, wa chini mpunga unakauka.

BABU: Mradi huu Wajapani walitusaidia kuujenga, ukakamilika 1987, na vikao havijaisha hadi leo. Sasa aje mtu baada ya miaka 1,700, aokote daftari la kamati, aseme, "Kumbe kabla ya kikao hiki Chekereni hapakuwa na maji, wajumbe ndio walioyaumba kwa kunyoosha mikono." Utamjibuje?

MJUKUU: Kikao kiliitwa kwa sababu maji yalikuwepo, na watu walikuwa wakiyagombania.

BABU: Ndivyo ilivyokuwa Nikea. Hakuna anayeitisha kikao juu ya maji ambayo hayapo. Na ninapotaja maji, nikisikia tena kwamba kijana wa nyumba hii alifungua mlango wa maji wa jirani usiku, sitakutetea mbele ya kamati. Anayeiba maji ya usiku anaiba chakula cha watoto wa mwenzake. Haya, endelea.

MJUKUU: Wataniuliza ushahidi. Nikitaja Biblia watasema vitabu vyake vilichaguliwa hapohapo Nikea.

BABU: Huo ni uongo wa pili, uliozaliwa na ule wa kwanza. Nikea hawakuchagua vitabu vya Biblia. Walishughulikia mgogoro wa Ario, tarehe ya Pasaka, na mgawanyiko wa kanisa la Misri, wakaandika kanuni 20 za nidhamu. Mojawapo inawakataza makasisi kukopesha kwa riba. Hiyo ndiyo mngeisambaza kwenye simu zenu! Akina mama wangapi hapa kijijini wamenyang'anywa vyombo na makochi kwa mikopo ya kausha damu, na anayewakopesha Jumapili anakaa kiti cha mbele?

MJUKUU: Babu, Nikea.

BABU: Nipo Nikea. Tuiweke Biblia pembeni kidogo, nikupe shahidi asiyewapenda Wakristo. Mji wa Nikea ulikuwa katika nchi ya Bithinia. Leo unaitwa Iznik, uko Uturuki. Mwaka 112 hivi, liwali Mrumi aliyetawala Bithinia hiyohiyo, jina lake Plinio, alimwandikia Kaisari Trajan kuuliza awafanyeje Wakristo. Akaeleza kwamba hukutana siku maalumu kabla hakujapambazuka, wakamwimbia Kristo kwa kupokezana, kama watu wanavyomwimbia mungu. Toa 112 kwenye 325.

MJUKUU: Mia mbili na kumi na tatu.

BABU: Miaka 213 kabla ya kikao, tena katika jimbo lilelile. Na unajua liwali alivyotaka kuhakikisha? Aliwakamata wajakazi wawili waliokuwa mashemasi wa kanisa, akawatesa. Majina yao hatukuachiwa. Wanawake, tena watumwa, waliteswa kwa imani ambayo abiria wako anasema ilikuwa haijatungwa! Na Paulo kabla yao, miaka ya 50, anaifunga barua ya kwanza kwa Wakorintho kwa neno la Kiaramu, Maranatha, la kumwomba Bwana aje. Kiaramu ni lugha ya wafuasi wa kwanza kabisa, kule Palestina. Mwalimu aliyekufa haombwi aje.

MJUKUU: Kama wote walikuwa wakimwabudu, Nikea waligombania nini?

BABU: Hilo ndilo swali, na ndilo watu hawaulizi. Ario alikuwa kasisi wa Aleksandria, Misri, Afrika hiihii yetu. Alikuwa msomi, na maisha yake ya kujinyima yaliwavuta watu. Mafundisho yake yalitungiwa nyimbo za mabaharia, za wasaga nafaka, za wasafiri, yakaenea bandarini kama muziki wa kwenye daladala. Sasa sikiliza. Ario hakusema Yesu ni mtu wa kawaida. Alisema Mwana alikuwako kabla ya ulimwengu, na kwa yeye vitu vyote viliumbwa. Ila yeye mwenyewe, alisema Ario, aliumbwa. Ni kiumbe cha kwanza, bora kuliko vyote, lakini kiumbe, na kabla hajaumbwa hakuwako.

MJUKUU: Kama Mashahidi wa Yehova.

BABU: Karibu sana, na wao humtaja pia kuwa ndiye Mikaeli. Wakija hapa na mikoba yao wapeni maji ya kunywa na kiti. Wanaamini wasemacho na wanatembea juani kwa ajili yake. Wako pia Wapentekoste wanaobatiza kwa jina la Yesu tu, wanaosema Baba na Mwana ni yuleyule mmoja. Wako Waislamu, majirani zetu wa tangu zamani, wanaomheshimu Isa kama nabii. Kila mmoja anasema imani yake waziwazi, na mimi nitabishana naye waziwazi, kisha tutazikana kama majirani. Mtu akiniambia Ario alikuwa na haki, tunafungua Maandiko. Akiniambia mambo yalianza kwa kura ya 325, hapo hakuna imani ya kubishania. Amekosea habari, na akiisha kuambiwa akaendelea, anadanganya.

MJUKUU: Basi wale wengine walimjibu Ario nini?

BABU: Walimjibu kwamba kuzaa si kuumba. Seremala akitengeneza kiti, kile kiti ni seremala?

MJUKUU: Hapana, ni kiti.

BABU: Na akizaa?

MJUKUU: Anazaa mtu.

BABU: Mwenye asili gani?

MJUKUU: Ileile ya baba yake.

BABU: Unachokiunda ni kitu kingine, hata ukiunde kwa ustadi namna gani. Unayemzaa ni wa asili yako. Kanisa lilikuwa limemwita Yesu Mwana tangu mwanzo, Ario naye alimwita hivyo. Wakamwambia: kama ni Mwana kweli, hakuundwa; na kama aliundwa, usimwite Mwana, mwite kiti. Unaelewa? Kuzaa si kuumba.

MJUKUU: Naelewa, ila hapo umejifunga mwenyewe, babu. Baba hutangulia, mtoto hufuata. Ukisema amezaliwa, basi kuna wakati hakuwako. Ario kashinda.

BABU: Nilikuwa nakungoja hapohapo! Baba yako ndiye kifungua mimba wangu. Kabla hajazaliwa, watu wa hapa waliniitaje?

MJUKUU: Kwa jina lako.

BABU: Na bibi yako?

MJUKUU: Kwa jina lake.

BABU: Alipozaliwa nikaitwa Baba fulani, bibi yako Mama fulani, na mpaka leo wengi hawayajui majina yetu ya ubatizo. Ubaba wangu nilipewa na nani?

MJUKUU: Na mtoto.

BABU: Nilimtangulia kwa umri, naam. Kwa ubaba sikumtangulia hata siku moja, hata saa moja. Ubaba wangu na uana wake vilianza dakika ileile. Hakuna baba anayekaa akimngoja mwana ili baadaye wawe baba na mwana. Sasa mlete Mungu hapa. Je, alianza kuwa Baba siku fulani? Kabla ya siku hiyo alikuwa nani? Alipandishwa cheo kama mtendaji wa kata?

MJUKUU: Mungu habadiliki.

BABU: Basi kama habadiliki, ni Baba tangu milele. Na kama ni Baba tangu milele?

MJUKUU: Mwana naye ni wa milele.

BABU: Rudia.

MJUKUU: Kama Baba ni Baba tangu milele, Mwana ni Mwana tangu milele.

BABU: Umeingia Nikea. Askofu Aleksanda wa Aleksandria na shemasi wake Atanasi walipigilia msumari huo mmoja miaka na miaka. Ukimnyima Mwana umilele, umemnyima Baba ubaba wake. Ario alidhani anaulinda ukuu wa Mungu. Kumbe alimfanya Mungu kuwa mtu aliyekaa tasa, akazeeka, ndipo akapata mtoto.

MJUKUU: Lakini kijiweni watasema: kama alizaa, mke yuko wapi?

BABU: Wewe! Kuzaa huko hakuna tumbo wala kalenda. Ndiyo maana wazee wale walishika mfano wa mwanga. Na sisi Wachaga tusingepaswa kufundishwa huo, maana mababu zetu walimwita Mungu Ruwa, neno lilelile la jua. Wamisionari wa Leipzig walipopanda mlima huu mwaka 1893 walilikuta. Litazame jua linavyozama kule. Mwanga unatoka kwa jua, jua halitoki kwa mwanga. Je, iliwahi kuwapo siku ambayo jua lilikaa kwanza peke yake, giza, likipanga kuanza kuangaza?

MJUKUU: Lisingekuwa jua.

BABU: Ndivyo baba asiye na mwana asivyo baba. Kwa hiyo wakachagua neno moja la Kigiriki, homoousios, yaani wa asili ileile moja. Halimo katika Biblia, na hilo liliwakera maaskofu wengi. Lakini maneno mengine yote rafiki zake Ario waliyakubali huku wakiyapinda, hili halikupindika. Maaskofu walikuwa 300 hivi. Waliokataa kutia sahihi hadi mwisho unawajua walikuwa wangapi?

MJUKUU: Mia?

BABU: Wawili, Sekundo na Theona, wote wa Libya. Ndizo hizo kura chache anazosema msomi wako!

MJUKUU: Pengine wengine walimwogopa mfalme.

BABU: Pengine wapo walioogopa, sikufichi. Konstantino alikuwa ukumbini, na Ario alipelekwa uhamishoni pamoja na wale wawili. Mfalme kuwafukuza watu kwa sababu ya imani ni dhuluma, hata akiwa upande wangu, na kanisa lililoshangilia siku ile lilikuja kulipa. Ila kumbuka pia kwamba miongoni mwa maaskofu wale walikuwapo waliobeba makovu ya mateso ya Kaisari Diokletiani. Hao hawakuwa watu wa kutishwa na kofia. Na kilichofuata ndicho kinachoivunja hadithi yenu. Konstantino aligeuka. Akamrudisha Ario. Mwaka 335 akamfukuza Atanasi, ambaye sasa ndiye askofu wa Aleksandria, mpaka Trier huko Ujerumani ya leo. Mwaka 337 alipokaribia kufa, akabatizwa. Aliyembatiza ni Eusebi wa Nikomedia, rafiki mkubwa wa Ario.

MJUKUU: Yaani mfalme wanayesema alimfanya Yesu kuwa Mungu, alibatizwa na mtu wa Ario?

BABU: Kawaulize hilo kesho, kisha unyamaze, uwaache wajibu. Mwanawe Konstansio alipotawala akawabana watu wa Nikea kwa miaka mingi. Atanasi alifukuzwa mara tano. Katika miaka 45 ya uaskofu wake, 17 hivi aliishi uhamishoni au mafichoni, mara nyingine jangwani kwa watawa wa Misri. Serikali haikuwa na Nikea, serikali ilikuwa na Ario. Alikufa mwaka 373, na mtaguso wa Konstantinopoli uliothibitisha imani ile ulikaa 381. Hakuuona.

MJUKUU: Babu, maji yanaingia.

BABU: Yaache yaingie, nimalizie. Atanasi alikuwa amemweka wakfu Frumensio kuwa askofu wa kwanza wa Aksum, Ethiopia. Mwaka 356 hivi, Konstansio akamwandikia Ezana, mfalme wa Aksum, barua ya kumtaka ampeleke Frumensio Aleksandria, akahojiwe imani yake na askofu mpya aliyewekwa na serikali mahali pa Atanasi. Mtawala wa Roma anamtumia mfalme wa Kiafrika barua, amtake aiache imani ya Nikea. Barua hiyo ipo, Atanasi aliinakili katika utetezi wake. Kanisa la Aksum likabaki na Nikea. Baadaye Waethiopia walitofautiana na Roma na Konstantinopoli kuhusu namna umungu na ubinadamu unavyoungana ndani ya Kristo, hiyo ni habari ya mwaka 451, tutaizungumza siku nyingine. Lakini imani ya Nikea wanaikiri hadi leo, na Frumensio wanamwita Abba Salama.