Mazoezi hupunguza msongo wa mawazo msimu wa Krismasi

MSIMU wa Krismasi na Mwaka Mpya huchukuliwa na wengi kuwa wakati wa kupumzika. Hata hivyo, sisi madaktari huona mambo mengine. Mwezi wa Desemba hufika kliniki watu wanaolalamikia kuumwa na kichwa, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio na shingo kukaza, na wanapopimwa hawapatikani na malaria wala homa ya matumbo. Ukimdadisi mgonjwa kama huyo pole pole, atakueleza kuhusu nauli iliyopanda ghafla, wazazi mashambani ambao hawezi kuwaendea mikono mitupu, watoto wanaotaka nguo mpya, na karo ya Januari ambayo hajui itatoka wapi.

Hali hii ndiyo tunayoiita msongo wa mawazo. Si ugonjwa wa kujifanya, wala si dalili kwamba mtu ni dhaifu au amepungukiwa na imani. Ni mwili unaofanya kazi yake, ila unaifanya mahali pasipofaa.

Mwaka wa 1915 mtaalamu Mmarekani, Walter Cannon, alieleza kwamba mnyama anapotishwa, mwili wake hujiandaa kwa mojawapo ya mambo mawili: kupigana au kukimbia. Binadamu ni vivyo hivyo. Tezi zilizo juu ya figo humwaga katika damu homoni iitwayo adrenalini. Moyo huongeza mapigo, presha hupanda, ini hutoa sukari iliyowekwa akiba, na damu nyingi huelekezwa kwenye misuli mikubwa ya miguu na mikono. Baadaye hufuata homoni nyingine, kotisoli, ambayo huuweka mwili katika hali ya tahadhari kwa muda mrefu zaidi.

Maandalizi hayo yaliwafaa sana mababu zetu walipokutana na simba. Taabu ni kwamba mwili hautofautishi simba na arafa ya mwenye nyumba anayedai kodi. Umetayarishwa kukimbia, na kumbe umeketi. Umeketi ofisini ukifunga hesabu za mwaka, umeketi ndani ya matatu kwenye msongamano wa magari barabara ya kwenda Nakuru, na ukifika nyumbani unaketi tena ukipiga hesabu zile zile. Ndiyo maana mtu aweza kushinda kitini kutwa na jioni akajihisi kama aliyepakua lori la saruji.

Mazoezi huupa mwili kazi ile uliyojiandalia. Misuli hutumia sukari iliyotolewa, moyo huenda mbio kwa sababu ya maana kisha hutulia, na misuli iliyokaza hulegea. Usiku mtu hulala vizuri zaidi, na aliyelala hukabili deni lile lile akiwa na akili timamu. Anayezoea mazoezi kwa majuma kadhaa, moyo wake hupiga pole pole zaidi anapopumzika na presha yake hushuka kiasi.

Kuhusu akili, kuna utafiti ambao hupenda kuwaeleza wagonjwa wasioamini. Mwaka wa 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 156 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliougua unyogovu. Baadhi walipewa dawa, wengine walifanyishwa mazoezi mara tatu kwa juma, na wengine walipewa vyote viwili. Baada ya majuma 16 makundi hayo matatu yalikuwa yamepata nafuu karibu sawa, ingawa dawa ilianza kufanya kazi mapema zaidi. Hii haina maana kwamba uache dawa ulizoandikiwa. Maana yake ni kwamba kutembea si mzaha.

Je, ufanye mazoezi kiasi gani? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka wa 2020 unapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa juma za mazoezi ya wastani, kama vile kutembea kwa mwendo wa haraka. Hiyo ni kama nusu saa kwa siku, siku tano. Kipimo cha mwendo huo ni rahisi: unapotembea uweze kuzungumza, lakini ushindwe kuimba. Zamani tulifundishwa kwamba zoezi la chini ya dakika 10 halihesabiwi. Mwongozo huo uliondoa sharti hilo, na hii ni habari njema hasa kwa akina mama.

Nasema akina mama kwa sababu dhiki ya Desemba huwaelemea wao zaidi. Baba hupumzika likizoni, lakini mama huwapikia wageni kumi na wawili. Kumwambia mtu kama huyo aende akakimbie msituni ni kumdhihaki. Yeye na aruke kamba kwa dakika tano uani, apande na kushuka ngazi za ploti mara kadhaa, au afungue redio acheze muziki na watoto hadi atoke jasho. Na wageni wenyewe, nadhani, wanaweza kuosha sahani zao.

Kwa wanaobaki mjini, Nairobi ina bustani ya Uhuru na Arboretum, na msitu wa Karura kwa wanaomudu kiingilio. Mombasa kuna ufuo wa bahari na bustani ya Mama Ngina, lakini joto la Desemba huko ni kali, kwa hivyo toka alfajiri au baada ya alasiri na unywe maji. Usitembee gizani peke yako mahali usipopajua.

Wanaoenda mashambani wana bahati kubwa zaidi, ila wengi hawaitumii. Utamwona kijana wa mjini ameegesha gari kivulini huku nyanya yake akipita na mtungi wa maji. Chukua mtungi huo. Lima, pasua kuni, tembea hadi sokoni badala ya kupanda bodaboda. Hata yale mazungumzo magumu ya shamba na fedha, jaribu kuyafanya na ndugu yako mkiwa mnatembea. Nimeona kwamba watu wawili wanaotazama njia hawafokeani upesi kama wanaotazamana mezani penye chupa.

Kuhusu chupa nitasema machache. Pombe humfanya mtu asinzie haraka, kisha humwamsha usiku wa manane na mawazo yale yale, presha ikiwa juu zaidi.

Tahadhari ni muhimu. Kila mwaka baada ya Krismasi huletwa wanaume waliopita umri wa miaka 40 ambao hawajapiga mpira tangu shule ya upili, lakini walijitosa kwenye mechi ya wenye wake dhidi ya makapera na kukatika kano ya kisigino. Anza pole pole. Anayetoka Mombasa kwenda Nyahururu, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ajue kwamba hewa ni nyepesi na atahema upesi siku za kwanza. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini abebe kitu kitamu mfukoni na kukagua miguu yake jioni. Wenye presha wabebe dawa za kutosha hadi siku ya kurudi; nyingi husahaulika kabatini mjini. Ukihisi maumivu ya kubana kifuani, hasa yakienea hadi mkononi au taya, ama ukitokwa na jasho baridi, acha mazoezi mara moja na upelekwe hospitalini.

Mwisho, mazoezi hayatibu kila jambo. Ikiwa huzuni imedumu zaidi ya majuma mawili, au mtu hali tena, amejitenga na anasema ni heri asingekuwepo, huyo hahitaji kuambiwa atembee. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Kwa hivyo familia isimfiche mtu wake nyumbani kwa kuogopa polisi. Msikilizeni bila kumkemea, mpelekeni hospitalini siku hiyo hiyo hata kama ni Krismasi, na asiachwe peke yake njiani.