Mabawa ya Mwewe na Mabawa ya Kuku

Wafugaji wa Imenti, Chuka na Embu wamepata kumwona mwewe akizunguka juu ya boma kwa muda mrefu bila kupiga mabawa, kisha akashuka ghafula na kuondoka na kifaranga. Kuku naye akifukuzwa hupiga mabawa kwa kishindo, huruka ua, na kutua upande wa pili amechoka. Wote wawili ni ndege. Tofauti yao imo katika umbo la mabawa, na mfugaji akiijua atapoteza vifaranga wachache zaidi.

Ndege huruka kwa kuisukuma hewa. Anaposhusha mabawa, manyoya marefu ya nchani huisukuma hewa chini na nyuma, naye hupata nguvu ya kwenda juu na mbele. Anapoyainua huyakunja kidogo ili hewa isimzuie. Lakini hewa iliyo chini ya bawa hutoroka kwa kupita nchani na kupanda juu yake, na hiyo ni nguvu iliyopotea. Bawa refu hupoteza kidogo. Bawa fupi hupoteza nyingi.

Mabawa ya mwewe, toka ncha hata ncha, ni karibu mita moja na nusu, na mwili wake haufiki kilo moja. Hewa ya joto inayopanda kutoka shamba lililolimwa yatosha kumbeba. Kuku ana mwili mzito na mabawa mafupi ya mviringo. Hayo ni mazuri kwa kuruka ghafula kumkwepa adui, basi. Ukimchinja utaona nyama ya kidari chake ni nyeupe, nayo huchoka upesi; ya njiwa, ambaye huruka mwendo mrefu, ni nyekundu.

Bawa refu lina kasoro yake: lataka nafasi. Ndiyo sababu mwewe hapendi kuingia katikati ya migomba iliyosongamana. Basi kuku mwenye vifaranga afunguliwe karibu na migomba, si uwanjani, au nyuzi zitandwe juu ya ua. Hata hivyo, kwa wanaokaa karibu na misitu ya Mlima Kenya na Nyambene, migomba haitoshi. Huko yuko kipanga wa msituni mwenye mabawa mafupi na mkia mrefu, naye hupenya kati ya miti bila shida. Vifaranga wa huko wakae kizimbani mpaka wakue.

Kuku anayeruka kuingia bustani ya sukuma wiki akatwe manyoya kumi marefu ya bawa moja tu. Akikatwa upande mmoja atapinda hewani na kushindwa kupanda. Usikate unyoya mchanga wenye damu ndani. Manyoya yakiota tena, kata tena.

Liko bawa jingine la kustahiwa, la bundi mwenye uso mweupe. Ukingo wake wa mbele una meno madogo kama kitana, na wa nyuma una nyuzi laini. Hewa hupita kimya, panya asisikie kitu. Mwenye ghala la mawele kule Mbeere au Tharaka akimwua bundi kwa kuogopa uchuro, anawafurahisha panya. Wala sumu ya panya isitumiwe ovyo, maana bundi akimla panya aliyekula sumu huweza kufa naye.