AKIBA YA NYUMBA NA HOFU YA SOKO

Somo kwa waamini wote, na zaidi kwa baba na mama wa nyumba

Ya kusoma kwanza: Mwanzo 41:33-36, Kutoka 16:16-24, Mezali 6:6-8, Mezali 11:26



Somo hili ni juu ya unga, chumvi, sabuni na makala. Mtu asiseme kwamba hayo si mambo ya Kanisa. Ugonjwa mkubwa unapoingia katika inchi, moyo wa mtu unaonekana upesi pale sokoni, mbele ya mfuko wa mwisho wa unga.

Tunataka kujifunza tofauti iliyoko kati ya kuweka akiba na kurundika. Mtu wa akiba anaweka kidogo kidogo wakati wa utulivu. Mtu wa kurundika anangoja siku ya hofu, halafu anakimbia kubeba yote. Wote wawili wana debe lililojaa, lakini wa kwanza amelisha nyumba yake bila kumwumiza mtu, na wa pili amejaza debe kwa kinywa cha jirani.

1. Mambo tuliyoyaona katika Machi 2020

Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kongo alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Mbele ya wiki mbili kupita, hofu ilifika Lubumbashi. Gavana wa Haut-Katanga aliamuru mji ufungwe kwa saa 48, tarehe 23 na 24 Machi. Tarehe 24, Rais Tshisekedi akatangaza hali ya dharura katika inchi yote.

Tarehe 26 Machi gavana wa Kinshasa alisema mji ule utafungwa kuanzia Jumamosi tarehe 28: siku nne kila mtu kwake, siku mbili za kutafuta chakula, kisha kufungwa tena, kwa muda wa wiki tatu. Basi mamilioni ya watu walibaki na siku moja tu ya kujitayarisha. Wakajaa masokoni, na bei zikapanda. Siku iliyofuata amri ile ikaahirishwa, na tarehe 6 Aprili ikafungwa komine ya Gombe peke yake. Lakini aliyekwisha kununua kwa bei ya hofu hakurudishiwa franka zake.

Tusiwacheke watu wale. Wazee wetu wanakumbuka unyang'anyi wa Septemba 1991 na Januari 1993, maduka yalipovunjwa na rafu kubaki tupu. Wanakumbuka pia feza ya zaire iliyopoteza nguvu, hata Oktoba 1993 zaire mpya 1 ikashika nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani. Siku zile, mtu aliyepokea mshahara asubuhi akaugeuza kuwa unga mbele ya jua kuchwa alikuwa mwenye akili. Hofu hii ina mizizi. Hata hivyo, dawa ya siku zile si dawa ya kila ugonjwa.

2. Soko linakauka namna gani?

Tufanye hesabu rahisi. Tuseme katika mtaa mmoja mna nyumba 100, na kila nyumba inamaliza mfuko 1 wa unga kwa wiki mbili. Mfanyabiashara wa mtaa anajua hesabu hiyo, naye analeta mifuko 50 kila wiki. Wote wanakula.

Sasa uvumi unakuja kwamba mji utafungwa. Nyumba 30 zenye feza mkononi zinakwenda asubuhi moja, kila moja inataka mifuko 2. Hiyo ni mifuko 60. Ile 50 inakwisha hata hao 30 hawajatosheka, na nyumba 70 zinakuta sakafu tupu. Je, mahindi yalipungua shambani? Hapana. Malori yalisimama Kasumbalesa? Hapana. Kuna mtu aliyekula zaidi siku ile? Hakuna. Chakula kilihama tu, kikatoka butikeni kikaenda chini ya vitanda.

Na mfanyabiashara akiona msururu wa watu, anapandisha bei. Wa kwanza kulipa bei hiyo ni yule mama anayenunua unga kwa meka kila jioni, kwa sababu feza ya leo ni ya leo. Yeye hakuleta hofu sokoni, lakini yeye ndiye anayelala njaa kwa ajili yake.

Tupige hesabu ya pili. Nyumba zile zile 100 zinaongeza kilo 1 tu kwa wiki juu ya chakula cha kawaida. Hiyo ni kilo 100, yaani mifuko 4 ya kilo 25. Mfanyabiashara analeta mifuko 54 mahali pa 50, na hakuna mtu anayeona tofauti wala bei kutikisika. Baada ya miezi minane kila nyumba ina kilo 34 za akiba. Hakuna aliyekimbia, na hakuna aliyenyimwa.

3. Mana iliyooza na mana iliyodumu

Katika Kutoka 16 kuna fundisho ambalo mara nyingi tunalisoma nusu. Wana wa Israeli waliamriwa kuokota pishi moja kwa kila mtu. Wengine waliweka mpaka asubuhi kwa hofu ya kesho, na mana ikaingiwa na mabuu, ikanuka. Wengi wanaishia hapo, halafu wanasema Mungu hapendi mtu aweke chakula.

Tusome mbele. Siku ya sita wote waliokota mara mbili, wakaweka kwa ajili ya siku ya kupumzika, na mana ile haikuoza. Mana ni ile ile, chombo ni kile kile. Tofauti ni nini? Siku ya sita kulikuwa na kipimo kilichojulikana, sababu iliyo wazi, na kila nyumba ilipewa nafasi ya kuokota. Yosefu naye alifanya vile katika Misri: alichukua sehemu moja ya tano katika miaka ya mavuno mengi, si katika mwaka wa njaa. Tena ghala lake halikuwa la nyumba yake peke yake. Njaa ilipofika, lilifunguliwa.

Basi mambo matatu yanatenga akiba na kurundika: wakati, kipimo, na mlango unaofunguka.

4. Kipimo cha nyumba

Katika 2020 mtu aliyekutana na mgonjwa wa Korona aliombwa kukaa nyumbani siku 14. Basi siku 14 ni kipimo kizuri kwa nyumba. Kwa mtu mmoja kwa siku moja, tuhesabu unga gramu 400, maharagi gramu 60, mafuta gramu 25, na chumvi gramu 5. Vipimo vya misaada ya chakula duniani viko karibu na hivyo.

Nyumba yenye watu 6 kwa siku 14 inahitaji:
- unga wa mahindi au wa mihogo: kilo 34
- maharagi: kilo 5
- mafuta: lita 2 na nusu
- chumvi: nusu kilo
- sabuni, kiberiti, na makala ya mbabula kwa wiki mbili
- dawa ya mgonjwa wa siku zote, kama mwenye sukari au presha, kufuatana na alivyoandikiwa na munganga

Ndagala za kukauka zikiongezwa, bukari itakuwa na rafiki. Kuhusu maji, tuhesabu lita 3 za kunywa kwa mtu mmoja kwa siku. Watu 6 kwa siku 3 ni lita 54: bidoni 3 za lita 20, zenye kifuniko. Maji yachemke sana kwa dakika 1 nzima mbele ya kunywa.

Tena mama wa nyumba ajue kipimo hiki kwa ajili ya mtoto anayeharisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo wakati anapopelekwa kwa waganga. Sukari ikizidi au chumvi ikizidi, mtoto anaumizwa.

5. Kutunza ulichoweka

Akiba isiyotunzwa ni feza iliyotupwa. Mifuko isigusane na sakafu wala ukuta. Iweke juu ya mbao. Unga mweupe uliochujwa unadumu kuliko unga wa kusaga na maganda yote, kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta yanayoharibika. Mahindi yenye ukungu yasisagwe kwa kuyaficha ndani ya yale mazuri: ukungu ule una sumu inayoharibu ini, na moto wa jikoni hauiondoi yote. Maharagi yaanikwe juani, yachanganywe na majivu makavu, yafungwe vizuri.

Tena, kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Kula mfuko wa zamani, weka mpya mahali pake. Akiba nzuri inatembea. Haikai kama jiwe la kaburi.

6. Vitu ambavyo mtu asirundike

Kwanza, vitu vya waganga. Tarehe 3 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba watu walikuwa wakinunua na kuficha barakoa, hata bei ya barakoa za hospitali ikapanda mara sita. Sanduku lililofichwa nyumbani kwa mtu mzima lilikosekana kwa muuguzi aliyeshika wagonjwa kwa mikono yake. Akianguka yeye, nani atakutunza wewe?

Pili, dawa za uvumi. Mwaka ule ule wengi walikimbilia klorokini, wengine wakainywa bila kipimo na wakapata sumu. Majaribio makubwa ya 2020 yakaonyesha kwamba dawa ya jamii ile haikupunguza vifo vya wagonjwa wa Korona waliolazwa hospitalini. Usinywe dawa kwa sababu jirani ameisifu.

Tatu, petroli ndani ya nyumba. Wengi wameungua kwa bidoni moja iliyokaa karibu na mbabula.

7. Na yule asiye na franka ya kuweka?

Hapa ndipo somo linagusa Kanisa. Fundi, mbeba mizigo, mama anayeuza sombe: hao wanakula jasho la siku ile. Kuwaambia wanunue chakula cha siku 14 ni kuwacheka.

Njia ya kwanza ni likelemba ya chakula. Mama kumi wanatoa feza kidogo kila wiki, wananunua mfuko mzima kwa bei ya jumla, wanaugawanya kwa mizani mbele ya wote. Kila mmoja anakula sehemu na kuweka sehemu.

Njia ya pili ni debe la mashemasi. Kila nyumba inayoweza inaleta kikombe kimoja cha unga au cha maharagi kila juma. Shemasi mmoja anaandika kinachoingia, mwingine anaandika kinachotoka, na daftari linasomwa mbele ya waamini, kusudi pasiwe manung'uniko. Mjane, mzee na mgonjwa wapewe kwanza.

Njia ya tatu ni kujizuia. Siku ya uvumi, mwenye akiba asiende sokoni hata kidogo. Awaachie wasio nacho. Na asiye na akiba anunue cha wiki moja, arudi nyumbani. Mwenye akiba anayebaki kwake siku ile amelisha nyumba ambayo hata haijui.

8. Maulizo ya kujadili katika vikundi

1. Kwa nini mana ya siku ya sita haikuoza, na ile ya siku nyingine ikaoza?
2. Mezali 11:26 inasema nini juu ya mtu anayezuia nafaka, na juu ya yule anayeiuza?
3. Nyumba yako ina watu wangapi? Piga hesabu ya unga wa siku 14.
4. Katika mtaa wetu, nani atakosa chakula siku ya kwanza mji ukifungwa? Taja mlango, na useme nani atakwenda kuubisha.

Ulizo la nne lisiachwe bila jibu. Kila kikundi kiandike jibu lake na kulipeleka kwa wazee mbele ya mwisho wa mwezi.

Bwana abariki vyungu vyenu na vya jirani zenu. Amina.