SOKO LA VYUMBA MOSHI: Wenye nyumba wakikutana, wazungumze nini?

Mwezi Julai unapoingia, soko la vyumba vya kupanga mjini Moshi huanza kulegea. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika, wa chuo cha tiba kilichoko KCMC na wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Mwenge hufungasha virago kwenda likizo ndefu. Vyumba vilivyo jirani na vyuo, hasa upande wa Longuo na Rau, hubaki na makufuli milangoni hadi Oktoba au Novemba. Wakati huohuo kazi ya mlimani ndiyo inapopamba moto. Juni hadi Oktoba ni kiangazi, wageni wa kupanda Kilimanjaro ni wengi, na wapagazi, wapishi na waongozaji wao huwa na fedha mkononi na haja ya mahali pa kulala mjini kati ya safari moja na nyingine.

Hivyo mwenye nyumba mmoja hulalamika kuwa soko limelala, na mwenzake wa upande wa pili wa mji hurudisha wateja kwa kukosa chumba. Wawili hao hukutana mara kwa mara: kanisani au msikitini, msibani, kwenye kamati ya harusi, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Huulizana habari za watoto, za ndizi na za bei ya kahawa. Habari ya vyumba haiguswi, au ikiguswa huishia kwenye kumsema mpangaji fulani aliyehama usiku bila kulipa.

Biashara inayozungumzwa hapa ni ile ya nyumba ya vyumba: korido katikati, vyumba sita hadi kumi kulia na kushoto, choo, bafu na bomba la maji uani, mita ya umeme moja au mbili kwa wote. Ni nyumba zinazopatikana Pasua, Njoro, Majengo, Kiboriloni, Soweto na karibu kila kata ya mji. Kabla ya kuendelea, neno moja liwekwe sawa. Kiswahili hutumia neno "kodi" kwa fedha anayolipa mpangaji na pia kwa fedha inayodaiwa na serikali, na ugomvi mwingi wa uani huanzia hapo. Katika makala haya ya mpangaji itaitwa pango, na ya serikali itaitwa kodi.

Wenye nyumba hizi si matajiri wa mjini kama wanavyodhaniwa. Wengi ni watu wa mlimani, wa Kibosho, Old Moshi, Machame, Marangu au Rombo, ambao wao au wazazi wao walijenga mjini kwa fedha za kahawa, mshahara au kiinua mgongo, kwa sababu kihamba kimegawanywa kati ya watoto hadi hakigawanyiki tena. Wengine wanaishi Dar es Salaam au Arusha na kumwachia ndugu kazi ya kukusanya pango. Ndugu huyo hukusanya, hutoa gharama zake, na hesabu kamili husubiri Desemba familia inapopanda nyumbani kwa Krismasi. Kwa mstaafu au mjane mwenye nyumba moja tu, vyumba hivyo ndiyo pensheni yenyewe. Chumba kimoja kikikaa wazi miezi mitatu, ada ya mjukuu inayumba.

Hesabu ambayo wengi hawaifanyi ni ya miezi iliyolipwa, na ifuate hapa kwa mfano wa kukadiria. Chukuliwe nyumba ya vyumba vinane, kila kimoja Sh. 50,000 kwa mwezi. Ikijaa mwaka mzima huingiza Sh. 4,800,000. Ikiwa wapangaji wote ni wanafunzi na vyumba vikakaa wazi miezi mitatu, mapato huwa Sh. 3,600,000. Mwenye nyumba akiona pengo hilo hufikiria kupandisha pango. Akipandisha hadi Sh. 60,000, yaani asilimia 20, atapata Sh. 4,320,000, bado chini ya nyumba iliyojaa kwa bei ya zamani. Ili alifute pengo lote angepaswa kutoza karibu Sh. 66,700, na kwa bei hiyo mwanafunzi atahamia kwa jirani.

Sasa nyumba hiyohiyo ichanganywe. Vyumba vinne vikae na watu wa mwaka mzima, kama muuguzi, mwalimu, fundi au mfanyabiashara wa Soko la Memorial: hivyo ni Sh. 2,400,000. Vinne vikae na wanafunzi kwa miezi tisa: Sh. 1,800,000. Viwili kati ya hivyo vya wanafunzi vichukuliwe na watu wa mlimani kwa ile miezi mitatu ya likizo: Sh. 300,000 nyingine. Jumla ni Sh. 4,500,000 bila kumwongezea mtu yeyote hata senti. Tofauti ya Sh. 900,000 na nyumba ya wanafunzi watupu imetokana na habari tu: nani anaondoka lini, na nani anatafuta lini.

Habari hiyo leo iko mikononi mwa dalali. Dalali hafanyi kosa kuwa nayo, kwani ndiyo kazi yake. Lakini ni vizuri mwenye nyumba aelewe dalali anakula wapi. Kwa kawaida hulipwa na mpangaji fedha sawa na pango la mwezi mmoja kila anapomwingiza mtu katika chumba. Mpangaji akitulia miaka minne, dalali amelipwa mara moja. Akihama kila baada ya miezi sita, amelipwa mara nane katika muda huohuo. Faida ya mwenye nyumba iko katika kutulia kwa mpangaji, ya dalali iko katika kuhama. Aidha, dalali ndiye anayemwambia kila mwenye nyumba kwamba "bei ya eneo hili sasa ni hii", na hakuna wa kumhakikishia.

Malipo ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo nayo yanahusika. Viongozi wa wizara ya ardhi wamelizungumza suala hili hadharani zaidi ya mara moja, wakitaka mpangaji aruhusiwe kulipa mwezi kwa mwezi. Wenye nyumba hujitetea kuwa fedha za mkupuo ndizo zinazowezesha kupaka rangi na kubadili bati. Hoja hiyo ni ya kweli kwa mwaka wa kwanza. Lakini mpagazi anayelipwa kwa safari hawezi kutoa miezi sita mwezi Mei, mvua za masika zinapokuwa zimepunguza wageni, wakati Agosti anaweza. Sharti moja kwa wapangaji wote humfukuza mteja mzuri aliyekuja katika mwezi mbaya.

Suala linalozua kelele nyingi zaidi uani ni umeme. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa Sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na Sh. 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi Sh. 1,500 na Sh. 7,500. Kodi hii ni ya mwenye nyumba, lakini hukatwa kwa yule anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi. Katika nyumba ya vyumba vinane vyenye mita moja, huyo ni mpangaji aliyeishiwa uvumilivu mapema kuliko wenzake. Anaingiza Sh. 5,000, anapata uniti pungufu, na anahisi ameibiwa. Kiasi chenyewe ni kidogo, Sh. 18,000 kwa mwaka. Ugomvi unaozaliwa nacho, wa nani kanunua na nani anawasha pasi, umewahamisha wapangaji wazuri wengi kuliko ubovu wa choo.

Baadhi ya wenye nyumba wamelimaliza kwa kupunguza kiasi hicho katika pango au kwa kununua wao wenyewe umeme wa tarehe moja. Wengine wamefunga mita ndogo kila chumba. Nyumba yenye mita kadhaa za shirika la umeme inahitaji uangalifu, kwa kuwa taarifa zisiporekebishwa jengo moja linaweza kukatwa zaidi ya mara moja. Kuna pia kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango. Zamani iliwahusu wapangaji wafanyabiashara, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ikaipanua hadi kwa mpangaji wa kawaida. Ni vigumu kumwona mpangaji wa Sh. 50,000 akipanga foleni TRA na Sh. 5,000 ya mwenye nyumba wake. Hata hivyo asilimia hiyo huhesabiwa katika pango lote, kabla ya kutoa gharama za fundi bomba, rangi au gari la kunyonya majitaka, na mwenye nyumba asiyeiweka katika hesabu zake atashtuka siku atakapoulizwa.

Mambo ya namna hii ndiyo yanayofaa kuzungumzwa wenye nyumba wakikaa pamoja. Kuna mawili ambayo ni hatari, nayo kwa bahati mbaya ndiyo huja kwanza midomoni.

La kwanza ni kupanga bei. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kukubaliana bei, na pia kukubaliana kumgomea mteja. Wenye nyumba kumi wa mtaa mmoja wakiandika kwamba hakuna atakayetoza chini ya Sh. 70,000, karatasi hiyo yaweza kuwa ushahidi dhidi yao. Kuelezana gharama ya mita ndogo, jina la fundi mwaminifu au miezi ambayo vyumba hukaa wazi ni jambo jingine kabisa.

La pili ni orodha ya wapangaji wabaya. Hamu ya kuwa nayo inaeleweka. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haimruhusu mtu kusambaza jina, picha na simu ya mwenzake anavyopenda. Njia salama ni ya zamani: mpangaji mpya aombwe alete barua ya mwenye nyumba aliyetoka kwake, au apitie kwa mjumbe wa mtaa aliohama. Mpangaji mwema huipata barua hiyo bila shida, na inamsaidia yeye mwenyewe.

Mkataba nao unahitaji mjadala mrefu kuliko unaopewa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inautambua upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja hata kama ni wa mdomo, hivyo anayedhani mpangaji asiye na karatasi hana haki anajidanganya. Kung'oa mlango, kuezua bati au kukata maji ili mtu ahame humgeuza mdai kuwa mdaiwa. Wapo pia wanaokimbilia Baraza la Kata wakitarajia hukumu. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo hufanya kazi ya usuluhishi tu, na uamuzi hutafutwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Karatasi moja yenye tarehe ya kuingia, pango, nani analipa maji na umeme, na notisi ya muda gani, iliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa, huokoa safari hizo zote.

Mtu anaweza kushangaa kwamba haya hayajafanyika Moshi miaka mingi iliyopita. Huu ndio mji wa ushirika. Wakulima wa kahawa wa mlimani walianzisha chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU. Chuo cha Ushirika kimekuwapo hapa tangu 1963. Mkulima wa Kibosho aliyekataa kupima kahawa yake peke yake mbele ya mnunuzi ndiye baba wa mwenye nyumba anayekaa peke yake mbele ya dalali.

Sababu moja ni kwamba nyumba si kahawa. Kahawa ilipelekwa ghalani mbele ya macho ya watu wote, wakati pango ni siri ya familia, na mara nyingi ndugu hawajaelewana nyumba ni ya nani. Nyingine ni hofu ya orodha. Wazee wanakumbuka mwaka 1971, serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh. 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Nyumba ya vyumba vya udongo haikuwa na thamani hiyo, lakini somo lililobaki ni kutojionyesha. Zuio la asilimia 10 halikuipunguza hofu hiyo.

Kwa hiyo wanaotaka kuanza wanashauriwa kuanza na wachache, watu wa mtaa mmoja wanaoaminiana, bila katiba wala kiingilio. Usajili unaweza kuja baadaye, kama jumuiya au kama chama cha ushirika. Suala la tarehe ndilo gumu zaidi. Wengi hufikiria Desemba, wakati wenye nyumba walioko mbali wamerudi na msimamizi analeta hesabu. Kwa mikataba na mambo ya familia Desemba inafaa. Kwa vyumba vitakavyoachwa na wanafunzi Julai, kikao kinatakiwa Mei, mvua zikiendelea na kampuni za utalii zikiandaa watu wao wa msimu, na hapo nyumba nyingi zitawakilishwa na yule ndugu anayekusanya pango.