Kupanga redio ya gari nyumbani

Swali: Nina leseni ya redio ya ridhaa na nimenunua redio ya gari iliyotumika. Naweza kuipanga mwenyewe kwa kompyuta, na kuifungua irushe kwenye masafa yote?

Jibu: Kuipanga, unaweza. Tafuta waya wa data wa modeli yako na programu ya CHIRP, ambayo hailipiwi. Kabla ya kuandika chochote, isome redio na uhifadhi nakala ya yaliyomo. Wenye haraka huiruka hatua hii, kumbe ndiyo itakayokuokoa ukikosea. Kwa ripita, ingiza masafa ya kusikiliza, tofauti ya kurusha (kwenye mita 2 mara nyingi ni kHz 600) na toni yake. Toni ikikosewa, utawasikia wenzako vizuri, lakini ripita haitafunguka kwako.

Kuifungua, hapana. Bendi ya mita 2 kwetu Afrika ni MHz 144 hadi 146. Kwenye masafa ya jirani wapo watu wanaoyategemea kuokoa maisha. Acha diodi zinazoizuia redio kurusha nje ya bendi zibaki zilivyo. Na tafadhali, unganisha antena kabla ya kubonyeza kitufe cha kurusha. Bila antena, transista za mwisho huweza kuungua.